Mwambie Daktari Ulikotoka

Juma hili ukurasa wetu hausemi habari ya kupika wala ya kushona. Nataka tumzungumze mtu mmoja ambaye kila nyumba inamhitaji, ambaye kila mmoja wetu amewahi kumgongea mlango, na ambaye aghalabu hatumkumbuki mpaka homa itukumbushe. Namaanisha daktari wa mji mdogo.

Sisi tukaao Mweya tunakaa mahali pazuri pa kutazama. Ni rasi iliyochomoza kati ya Ziwa Edward na Mfereji wa Kazinga, ndani ya Hifadhi ya Queen Elizabeth. Wageni hulipa fedha nyingi waje kuona viboko na tembo ambao sisi huwaona tukianika nguo. Lakini uzuri wa mahali haumtibu mtoto. Ugonjwa ukizidi, hapana budi kutoka: ama kwenda Kasese, ama kupinda pale Kikorongo, karibu na mstari wa Ikweta, na kushika barabara ya Kagando na Bwera. Ukizidi usiku, baba hutafuta gari huku mama akimfunika mtoto kanga ya pili, na njiani hapana ajuaye kama nyati wamelala barabarani au la. Mtu aliyesafiri hivyo hata mara moja hawezi kulidharau neno daktari.

DAKTARI WA KILA KITU

Katika miji mikubwa yuko daktari wa macho, yuko wa mifupa, yuko wa watoto, na yuko wa moyo. Katika mji mdogo hao wote ni mtu mmoja. Kwetu daktari wa familia si bango lililotundikwa mlangoni. Ni yule aliyemzalisha mama, akamtibu mtoto pumu, akampima bibi shinikizo la damu, na ambaye, amwonapo baba sokoni, humwuliza kama bado anameza vidonge vyake. Na nisemapo daktari simsahau tabibu wa kituo cha afya, wala muuguzi, wala mkunga, kwa maana sisi wenyewe tumezoea kuwaita wote kwa jina hilo moja, na mara nyingi ndio tunaowakuta kwanza.

Tazama siku yake ilivyo. Alfajiri hupita wodini. Jua likichomoza, mabenchi ya nje yamekwisha kujaa, kila mama na daftari lake la shule mkononi, lile tulinunualo dukani ili maandishi ya daktari yapate pa kukaa. Katika foleni hiyo yumo mchimba chumvi kutoka Katwe, ambaye miguu yake imeliwa na maji makali ya ziwa la chumvi. Yumo mvuvi aliyepinduliwa mtumbwi na kiboko. Yumo mjamzito ambaye mtoto amekaa vibaya tumboni. Yumo kijana aliyeanguka na pikipiki. Yumo pia askari polisi na fomu namba 3, ile tuijuayo sote kwa jina la PF3, akitaka daktari ampime mtu aliyejeruhiwa na aandike alichokiona.

Fomu hiyo ina mkia mrefu. Daktari akishaitia saini, huenda akaitwa mahakamani kueleza jeraha lilikuwa la namna gani na pengine lilisababishwa na kitu gani. Siku hiyo foleni ya wagonjwa humngoja hadi arudi. Tulio wake wa polisi tunajua jinsi waume zetu wanavyonung'unika kesi inapoahirishwa kwa sababu shahidi hakufika. Tukumbuke kwamba shahidi huyo huenda alikuwa chumba cha upasuaji, na hakuna mwenziwe wa kumshika mkono.

Arudipo nyumbani jioni hajafika nyumbani. Akinunua nyanya, muuza nyanya humwonyesha kidonda. Akienda kanisani au msikitini, mtu humngoja nje amweleze habari ya mgongo. Na ule usiku mkubwa unapokuja, huja kwake kwanza. Tarehe 1 Mei 2013 Mto Nyamwamba ulifurika ukaingia hata katika hospitali ya Kilembe, iliyojengwa zamani kwa ajili ya wafanyakazi wa mgodi wa shaba. Mwezi wa Mei 2020 mto huo huo ulirudi kwa ghadhabu zaidi, wagonjwa wakahamishwa. Usiku wa tarehe 16 Juni 2023, waasi walipoishambulia Shule ya Sekondari ya Lhubiriha huko Mpondwe na kuwaua watoto wetu, majeruhi walikimbizwa Hospitali ya Bwera. Askari waliwafuata waasi. Madaktari na wauguzi walibaki na waliobaki hai.

Lakini, ndugu zangu, sikukusudia kumsifu daktari tu. Sifa ni rahisi. Nimekusudia kuungama kosa langu mwenyewe, ili mama mwingine asilitende.

NILIVYOMDANGANYA DAKTARI

Ilikuwa mwezi wa Julai mwaka 2019. Wakati huo upande wa pili wa mpaka, katika Kivu ya Kaskazini, maradhi ya Ebola yalikuwa yamewaka tangu mwezi wa Agosti 2018. Yalizimika Juni 2020, baada ya kuua watu 2,287. Pale Mpondwe kila mpita njia alipimwa joto la mwili na kunawa mikono kwa maji ya dawa kabla ya kuvuka. Mume wangu, ambaye ni askari polisi, alikuwa amepelekwa huko kusaidia kuisimamia foleni. Kabla hajaondoka alinikataza kwa maneno machache: msivuke.

Sasa, sisi Bakonzo na ndugu zetu Banande wa Kongo ni watu wa lugha moja, na mto Lhubiriha haukukata ujamaa wetu. Shangazi yangu aliyeniozesha akafariki huko Kasindi. Alikuwa mzee, naye aliugua shinikizo la damu miaka mingi. Nilijiuliza nitauonaje uso wa jamaa nisipomzika. Nikamchukua binti yangu wa miaka sita, nikapita kijia cha mtoni ili mume wangu asinione kwenye foleni yake. Tulilala huko siku mbili, tukarudi kwa njia ile ile.

Siku ya sita mtoto akapata homa. Nilimpa vidonge vilivyobaki vya kaka yake. Havikusaidia. Siku ya pili yake alianza kutapika, nikampeleka kwa daktari wetu, mtu anayeijua nyumba yetu tangu mtoto wangu wa kwanza.

Daktari akafungua daftari, akaniuliza, "Mama, katika majuma matatu yaliyopita mmesafiri kwenda wapi?"

Nikasema, "Hatukusafiri, daktari."

"Hamkuhudhuria msiba wowote?"

"Hapana."

"Mtoto amepewa dawa yoyote nyumbani?"

"Hapana, daktari."

Maneno matatu, na yote matatu ya uongo. Kwa nini? Sikuwa na nia mbaya. Niliogopa hema la kutengwa, ambalo watu walilisimulia kana kwamba aingiaye hatoki. Niliogopa majirani. Zaidi ya yote niliogopa aibu, kwamba mke wa askari anayelinda mpaka ndiye aliyepita kijia.

Daktari alikuwa amekwisha kunyoosha mkono wake amguse mtoto tumbo. Ndipo binti yangu akasema kwa sauti ndogo, "Mama, na kule kwa bibi tulikolala, walikokuwa wakilia?"

Mkono ule ukarudi. Daktari hakupiga kelele, wala hakunitazama kwa ukali. Alituomba tuketi kwenye benchi la peke yetu, akanawa, akamwita muuguzi, nao wakavaa mavazi yao ya kujikinga kabla hawajamsogelea tena mtoto. Tukawekwa chumba cha pembeni. Damu ilichukuliwa kwa kipimo cha malaria, na nyingine ikapelekwa Entebbe, kwenye Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Uganda. Malaria ilionekana papo hapo, na dawa yake ikaanza. Lakini tulikaa pale pale, mimi na mtoto, tukilingoja jibu la Entebbe. Saa zile zilikuwa ndefu kuliko siku zote za uchungu wa uzazi niliopata kuziona.

Jibu lilikuja jema. Haikuwa Ebola. Nikalia, nikaanza kumwomba daktari msamaha. Akaniambia maneno ambayo sijayasahau:

"Mama, mimi nimechanjwa. Lakini kama mtoto asingesema, ningemshika kwa mikono mitupu, kisha ningevuka kwenda chumba cha pili. Mle mlikuwa na mama aliye katika uchungu. Yeye hakuchanjwa, wala hakujua habari ya msiba wenu. Ungemdanganya na yeye pia, ingawa hamjawahi kuonana."

Mume wangu alipopata habari hakunipiga wala kunitukana. Alikaa kimya hadi usiku, kisha akasema, "Mimi nasimama mpakani kuwauliza watu nisiowajua." Hakuongeza neno.

KWA NINI DAKTARI HUULIZA

Wengi wetu hudhani maswali ya daktari ni upelelezi, au ni njia ya kupoteza muda. Sivyo. Ebola ikianza hufanana na malaria na homa ya matumbo: joto, kichwa, uchovu, kutapika. Hakuna macho ya daktari yanayoweza kuzitenganisha siku ya kwanza. Dalili huweza kuonekana tangu siku ya 2 hadi ya 21 baada ya mtu kuambukizwa, ndiyo maana huulizwa habari za majuma matatu. Tena ugonjwa huu hupita kwa majimaji ya mwili wa mgonjwa, na kwa mwili wa marehemu, ndiyo maana huulizwa habari za msiba. Swali la daktari ndilo kipimo chake cha kwanza, na jibu letu likiwa la uongo, kipimo hicho kimevunjika.

Ushahidi tunao hapa hapa wilayani kwetu. Mwezi mmoja kabla ya kosa langu, tarehe 9 Juni 2019, mtoto wa miaka 5 aliletwa katika Hospitali ya Kagando. Jamaa yake walikuwa wamevuka kutoka Kongo, ambako babu wa mtoto alikuwa amefariki kwa Ebola. Wahudumu wa Kagando waliona dalili, wakatambua kwamba huenda si homa ya kawaida, wakampeleka mtoto kwenye kitengo maalumu kilichokuwa kimeandaliwa Bwera. Tarehe 11 Juni ikathibitishwa kuwa ni Ebola. Mtoto yule hakupona, na bibi yake naye alifariki. Huzuni ile ilikuwa kubwa. Hata hivyo moto ulizimikia pale pale, na hakuna mtu aliyeambukizwa ndani ya Uganda. Kabla ya siku hiyo wahudumu wa afya wapatao 4,700 katika vituo 165 walikuwa wamekwisha kuchanjwa. Mwezi wa Agosti mwaka huo huo msichana wa miaka 9 aligunduliwa pale pale mpakani Mpondwe, akapelekwa Bwera. Naye hakupona, lakini naye pia hakuwa mwanzo wa msiba wa mji mzima.

Sasa tazama mambo yanavyokuwa daktari asipokuwa na habari. Mwaka 2007, upande wa pili wa Milima ya Rwenzori, huko Bundibugyo, watu walianza kuugua na kufa kwa ugonjwa usiojulikana. Ilikuwa ni aina ya Ebola ambayo dunia ilikuwa haijaiona, na leo inaitwa kwa jina la wilaya ile. Dokta Jonah Kule, aliyekuwa mwenyeji wa huko na ambaye alirudi kuwatibu watu wake, aliwahudumia wagonjwa kabla jina la ugonjwa halijajulikana. Mwisho wa Novemba jina likatangazwa. Tarehe 4 Desemba yeye mwenyewe akafariki, katika Hospitali ya Mulago, Kampala.

Miaka saba kabla yake, huko Gulu, Dokta Matthew Lukwiya wa Hospitali ya Lacor aliacha masomo yake Kampala akarudi kuongoza vita dhidi ya ugonjwa huo huo. Watu 425 waliugua, na 224 wakafa, miongoni mwao wauguzi wake. Yeye alifariki tarehe 5 Desemba 2000. Na mwaka 2022, Ebola ilipozuka Mubende, jirani zetu wa Tanzania walimpoteza kijana wao, Dokta Mohammed Ali, aliyekuwa akisomea upasuaji nchini kwetu. Alifariki Fort Portal tarehe 1 Oktoba.

Ninyi askari mnajua maana ya kufa kazini. Hawa nao walikufa kazini, na silaha yao ilikuwa jozi ya glavu na neno la mgonjwa. Glavu hutolewa na serikali. Neno la kweli hutoka kwetu, wala halinunuliwi.

MAMBO YA KUSHIKA NYUMBANI

Kwa hiyo, mama mwenzangu, naomba tuyashike haya machache.

Kwanza, tunza daftari la kila mtoto na kadi yake ya chanjo mahali pamoja, pakavu, ambapo hata baba anapajua. Sisi wa kambini huhamishwa bila kutazamiwa. Leo Mweya, mwaka ujao Moroto. Daktari wa mji mpya haijui nyumba yako, na daftari ndilo litakalomjulisha.

Pili, sema dawa uliyokwisha kumpa mgonjwa, ikiwa ya dukani, ya mitishamba, au ya jirani. Usione haya. Vidonge vilivyobaki vya mtoto mmoja si dawa ya mwingine, maana huenda vikaituliza homa kidogo na kuuficha ugonjwa wenyewe.

Tatu, sema ulikotoka na uliyemwuguza au kumzika. Tangu Novemba 2021 majeshi yetu yamekuwa yakivuka kwenda Kongo kupambana na waasi. Mume akirudi kutoka kazi za ng'ambo kisha akapata homa, asijifungie chumbani kwa ushujaa. Aende kituo cha afya, na neno lake la kwanza liwe mahali alipotoka.

Nne, jua la kumwamshia daktari usiku na la kungoja asubuhi. Mtoto mwenye degedege, mtoto anayepumua kwa haraka na kwa shida, mtoto asiyeweza kunyonya wala kunywa, mjamzito anayetoka damu au anayeumwa kichwa sana na kuona kiwi, mtu aliyeumwa na nyoka: hao hawangoji jua. Lakini upele wa majuma mawili unaweza kungoja, na daktari aliyelala saa nne atakuona vema kuliko aliyekesha.

Tano, tukimkuta sokoni tumsalimu kama tunavyomsalimu mtu yeyote, tumwulize habari za watoto wake, kisha tumwache anunue nyanya zake.

Wahenga walisema, mficha uchi hazai. Nami naongeza ya kwangu, kwamba mficha safari huenda akamwua asiyemjua.

Binti yangu sasa ni msichana mkubwa. Kila tunapojiandaa kwenda hospitali huniuliza, akijifanya kutafuta viatu, "Mama, leo utasema kweli?" Kaka zake hucheka. Mimi sicheki sana. Ninachukua daftari, ninamjibu kwamba nitasema, na tunatoka.

Kwa daktari wetu, na kwa wauguzi na wakunga wote wa Kasese, Kagando na Bwera, ninasema kwa lugha ya nyumbani: Wasingya.